Mukeke wa Kila Jumamosi

Nakumbuka Jumapili moja baada ya misa, mwanangu, jirani yetu wa mtaa wa Ngagara alipotuita tukaone katuni kwenye video yake mpya. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwahi kuona katuni. Ilikuwa hadithi ya mapenzi, ya binti maskini na mwana wa mfalme. Mwana wa mfalme alimpigia magoti mbele ya watu wote, akamwambia kwa Kifaransa kitamu kwamba bila yeye hawezi kuishi. Nililia. Wenzangu walinicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani nimeshaamua kuwa mwanaume asiyesema hivyo hanipati.

Wakati huo kulikuwa na Gaspari, mpakuzi wa mizigo bandarini. Kila Jumamosi alipita kwetu na mukeke, yule samaki mtamu wa ziwa letu, akampa mama, akanisalimu, akaenda zake. Hakuwa mtu wa maneno. Nilimpenda, nisikudanganye.

Wiki chache baadaye wazee wake wakaja kunichumbia. Mila yetu unaijua: siku hiyo kijana hafungui mdomo, baba yake mdogo ndiye anayemsemea, na msichana huitwa mwishoni kuitikia tu. Mimi nilipoitwa nikasema, "Mi nataka aseme yeye mwenyewe kama ananipenda. Hapa, mbele ya wote."

Wazee wote wakamgeukia. Gaspari akasimama, jasho linamtoka, midomo inacheza bila sauti. Baba yake mdogo akamshika mkono taratibu. "Tuende, mutoto yangu." Wakaondoka, na pombe waliyoileta ikabaki haijafunguliwa. Mwezi haukuisha nikasikia amepanda meli ya mizigo kwenda Kigoma. Hakurudi tena.

Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu siku ile, hakunigombeza. Aliniambia tu, "Zile samaki zilikuwa zinasema kila Jumamosi. We ulikuwa unakula tu."

Wachumba wengine walikuja, wenye maneno mengi, nikawakataa wote. Sikuolewa wala sikuzaa; sasa nina vyumba vitatu na redio. Jumamosi nanunua mukeke mmoja, namkaanga, nusu inabaki. Upweke unauma, mwanangu, nami nimeuzoea bila kuupenda.

Juzi ulinilalamikia kwamba mchumba wako hajui maneno matamu, huku simu yako inaonyesha katuni kama ile ile. Iangalie, ulie, si dhambi. Ila mtazame mikono yake inakufanyia nini kabla hujamdai mdomo. Na ukitaka maneno, maana ni haki yako, muombe mkiwa wawili, usimwaibishe mbele ya wazee wake.

Mungu akubariki, akupe mtu ambaye hata akinyamaza kando yako, utajua yupo.