Marahaba Niliyoitafuta Ndotoni

Watu wengi huota kama abiria aliyesinzia garimoshini: wanapelekwa tu. Mimi nilikataa. Nilijifundisha, kwa kichwa changu mwenyewe, kuota huku nikijua kwamba ninaota. Na nilijifundisha mchana kweupe, nikiwa mbele ya cherehani yangu kwenye baraza moja ya Mtendeni, Tabora.

Sababu yangu ilikuwa baba. Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana mwenye imani kali na mdomo mkali zaidi. Baba, aliyekuwa akiishi peke yake upande wa Isikizya, alisema hahami. Basi nikapanda lori la wahamishaji, nikaenda mwenyewe, nikang'oa boriti za paa lake mbele ya macho yake, nikiamini namwokoa. Kijiji kipya kilikuwa na kisima na zahanati. Kuhusu kisima sikukosea. Kuhusu baba nilikosea, maana tangu siku ile hadi tunamzika hakuitikia shikamoo yangu hata moja. Mzee akikunyima marahaba, huna pa kwenda kushitaki.

Alipokufa akaanza kunijia ndotoni. Kila mara ni ua ule ule na vumbi la lori, nami nina boriti begani na haraka zangu. Nampita. Nikiamka najilaumu: si ungesimama umsalimie, mjinga wewe? Lakini ndotoni hata hukumbuki kwamba baba yako alishazikwa. Nilitaka nikumbuke. Nilitaka niitue ile boriti, niombe msamaha, niitikiwe.

Njia nilipewa na mtani wangu bila yeye kujua. Alikuwa Mzaramo, fundi wa suruali, niliyegawana naye baraza. Mimi Mnyamwezi. Utani wetu ulianza na mababu zangu waliobeba pembe kwenda pwani kwao, naye hakuacha siku ipite bila kunikumbusha.

"Mpagazi, umeamka? Mzigo wako uko wapi?"

"Niliufikisha kwenu, nikakuta mmelala."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Sasa, siku moja nikaota amekuwa mpole, ananiambia, "Pole na kazi, dada yangu." Nilishtuka hadi nikaamka. Mzaramo yule aniite dada? Hapo nikajua nimepata kipimo.

Tangu siku hiyo, kila aliponitania nilisimamisha gurudumu la cherehani, nikajiuliza kwa sauti, "Je, niko macho au naota?" Nikatazama mshono, nikatazama pembeni, nikautazama tena nione kama umebadilika, maana ndotoni vitu havitulii. Kisha najijibu, "Ametukana, niko macho." Mara kumi, mara ishirini kwa siku. Wateja walitazamana. Sikujali, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwezi wa pili wa mazoezi hayo, asubuhi moja, mtani akafika, akavua kofia, akasema taratibu, "Dada, umeamkaje? Umeshapata chai?"

Moyo ulinidunda kwa furaha. Naota! Mshono sikuutazama hata kidogo. Kwangu jibu lilikuwa limeshapatikana. Niliruka kutoka barazani, nikashika barabara kumtafuta baba. Mzee mmoja alikuwa anakuja na baiskeli. Sura haikuwa ya baba, lakini ndotoni sura hubadilika, nikasema ndiye huyu. Nikampigia magoti katikati ya njia.

"Shikamoo baba! Nilikuvunjia nyumba, nisamehe!"

Mzee akashika breki. "Marahaba, mwanangu," akasema, "lakini nyumba yangu ipo. Nimetoka huko sasa hivi."

Kokoto zilikuwa zinaniuma magotini, na watoto wa mtaa walishaanza kukusanyika. Ndipo nikatambua kwamba niko macho kabisa.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umeshapitisha kwamba nimerukwa na akili, na mke wa mtani alikuwa amemkataza kumtania mgonjwa. Nilirudi barazani nikiwa nimekasirika kweli.

"Usinihurumie tena," nikamwambia. "Ukinihurumia unaniharibia kazi."

Nikamweleza yote, na habari za baba pia. Akavaa kofia yake.

"Mpagazi mjinga. Hata usingizini unabeba mizigo."

Nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Kazi ikaendelea kama zamani, matusi yakiwa mengi kuliko mwanzo.

Haikupita wiki mbili. Nilijinyoosha mkekani baada ya sala ya adhuhuri, na ua ukaja, na vumbi, na boriti begani. Kando ya lori alisimama mtani. "Pole na kazi, dada yangu."

Safari hii sikukurupuka. Nilitazama mshono wa mkono wa gauni langu, nikatazama pembeni, nikautazama tena: uzi uliokuwa mweusi sasa ulikuwa mwekundu. Naota, nikasema. Nikaitua boriti. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mzima, amevaa koti lake la kijivu. Nilimwendea, nikapiga magoti.

"Shikamoo baba. Nilikuvunjia nyumba. Nisamehe."

Alinitazama, kimya. Na nikaelewa kwamba ndoto ile ni yangu. Nikitaka lori liruke, litaruka. Nikimwamuru baba aseme marahaba, atasema, na kwa sauti yake mwenyewe. Amri ilikuwa imeshanifika ulimini, na Mungu anajua nilivyolitamani lile neno.

Niliimeza. Nilikwisha kumhamisha mara moja kwa nguvu. Nikainamisha kichwa, nikamwacha mzee wangu anyamaze kadiri apendavyo, mpaka nikaamka.