Chupa Moja, Mapacha Wawili

Siku yangu ya kwanza kwenye zahanati ya Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, Dresa Mkuu alinikabidhi mkasi, bandeji na chupa ya bromidi. "Hii ni ya kifafa na vichaa," aliniambia. "Mgonjwa akipiga kelele, mnyweshe." Enzi zile za Mwingereza, dresa alifunga vidonda, akagawa dawa, na Bwana Mganga, yaani daktari wa serikali wa mjini, asipokuwepo, akajifanya daktari. Nami nilijifanya haswa!

Mwaka wa pili alikuja Mama Kulwa na mapacha wake, wasichana wa miaka minane. Kulwa alikaa kwenye benchi kimya. Doto, jamani! Sijauliza neno, ameshapanda dirishani, amemwaga sufuria ya sindano, ameanza kisa cha mbuzi na kukiacha katikati.

"Shikamoo, Dresa," mama alisema. "Mwalimu anasema Doto asipotulia atamfukuza. Nimemchapa hadi mkono umechoka. Wazee nao wanasema matambiko ya mapacha hayakufanywa sawasawa. Nisaidie."

"Marahaba. Mwambie mwalimu asubiri, dawa ipo."

Siku hizi ninyi vijana wa tiba mnalijua: tatizo la kukosa umakini na utukutu uliozidi. Mtoto anataka kutulia, anashindwa. Sisi tulikuwa na fimbo, matambiko na ile chupa. Nikaagiza Doto apewe kijiko asubuhi, kijiko jioni. Nikasahau niko Unyamwezi! Kwetu pacha mmoja akipewa yai, mwenzake naye apewe. Ukimnyima mmoja, umemwitia maradhi. Nami ni Mnyamwezi wa kuzaliwa, sikufikiria.

Wiki ya tatu, asubuhi, Doto aliingia mbio, anahema, miguu imejaa vumbi.

"Kulwa haamki! Tukimwita anaongea kama mlevi!"

"Kulwa? Kulwa ana nini?"

"Anakunywa dawa. Mimi naitema nje, yeye anameza."

Loo! Nilimpakia Doto kwenye baiskeli hadi kwao. Kulwa alikuwa mkekani, mate yanamtoka, hata jina la pacha wake halijui. Na majirani walikuwa wakimsifu kwa upole wake!

"Mbona hukuniambia unampa na huyu?" nilifoka.

Mama alinikazia macho. "Dresa, si mapacha hawa? Ulidhani nitampa mmoja?"

Tulimkimbiza mjini, na Bwana Mganga akamnywesha maji ya chumvi siku nyingi ili bromidi itoke mwilini. Kisha akanigeukia. "Nani alikuruhusu kumlewesha mtoto asiye mgonjwa? Huyo Doto apewe kazi fupifupi, na akichoka kukaa asimame!"

Kulwa alipona. Mwalimu naye alikubali shingo upande, na Doto akajifunza kusoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa.

Baadaye nilihamishiwa Urambo, kisha Nzega, nikahudumu chini ya mabwana waganga wengi hadi nikastaafu. Ninyi vijana mna dawa bora na mmesoma zaidi. Hata hivyo, kabla ya kumpa mama chupa, muulizeni nyumbani watainywa akina nani. Doto angeimeza dawa kama nilivyotaka, asingeweza kukimbia kuniita. Ningewazika wote wawili.