Kidole cha Zambarau Siku ya Kura za Kahawa

Kuna watu wa kwetu Kanyakine ambao mpaka leo wakiniona wananyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wanakinyoosha tu na kupita zao. Nimeamua kuisimulia mwenyewe hii aibu, maana imeshatembea mpaka mjini Nkubu na kila inapofika inatiwa chumvi, na jamani, ilivyokuwa inatosha bila chumvi ya mtu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na naandika kwa mkono wa kushoto (nilichapwa sana utotoni ili nibadilishe, nikachapwa bure). Mwalimu husahihisha madaftari mpaka vidole vinakufa ganzi, na biro lazima uikandamize, basi siku moja pale Nkubu nikaona dukani kalamu ya wino, ile ya nibu, bei yake ya chini mpaka nikamwuliza mwenye duka mara mbili kama ni nzima. Ilikuwa nzima. Inateleza yenyewe, wewe unaiongoza tu, na mwandiko wangu ukaanza kuonekana mwandiko wa mtu mwenye gari. Wino ulikuwepo wa bluu, mweusi na zambarau. Wa zambarau ulikuwa umekosa mnunuzi, wakaupunguza bei, na mimi kwa kupenda vya rahisi nikauchukua huo. Wenzangu wa mkono wa kushoto wanajua kinachofuata: ukiandika, mkono unapita juu ya maneno uliyotoka kuyaandika, na kidole cha mwisho kinaburura wino wote ambao haujakauka. Nikawa natembea na kidole cha zambarau kila siku, na hakuna aliyejali, hata mimi.

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Kirimi, alikuwa anagombea uenyekiti wa chama chetu cha ushirika cha kahawa. Alikuwa ameshagombea mara mbili na kushindwa. Kilichomkera ni mizani ya pale kiwandani, ambayo alisema inakula kilo za wakulima mchana kweupe, na alitaka kuiona imebadilishwa kabla miguu haijamkataa. Asubuhi ya uchaguzi akaja kwangu nimwandikie hotuba kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yake hayasomi ndogo. Nikaandika ukurasa baada ya ukurasa. Akashika karatasi, akaziweka mbali, akatabasamu.

"Mwalimu, hii ni maandishi ama ni mapambo?"

Nikavimba kichwa, nikaitia kalamu mfukoni, tukaondoka kwenda kiwandani kupiga kura.

Uchaguzi uliopita watu walipiga kura mpaka kwa namba za marehemu, kwa hiyo daftari la wanachama halikuaminiwa na mtu tena. Safari hii kamati ilisema kila anayepiga kura atachovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye kichupa cha wino, na mwenye kidole kilichochovywa asirudi. Wino wenyewe ulikuwa wa rangi gani? Msiniulize.

Zamu yangu ikafika. Karani wa kile kichupa, jamaa anayeitwa Mutwiri, akanishika mkono, akautazama, akaninyanyulia mkono wote juu watu waone.

"Ai! Hii kidole imeshaingia kwa wino. Mwalimu, umevote halafu umerudi?"

"Hiyo ni ya kalamu yangu, Mutwiri."

"Kalamu gani hiyo inapaka kidole ya kura peke yake?"

Ikaanza kelele. Mzee mmoja wa upande wa mwenyekiti aliyekuwa madarakani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitambo ya kumenyea kahawa, "Hao ndio wanalia mizani inaiba! Mkwe wa Kirimi mwenyewe anaiba kura!" Nikageuka kumtafuta baba mkwe. Alikuwa amesimama karibu na lango, hotuba mkononi, na nikamwona anaikunja polepole. Hapo nikaumia kweli, maana mimi kuitwa mwizi ningevumilia, lakini yeye alikuwa amejenga jina lake lote juu ya neno moja, uaminifu, na mimi ndiye nilikuwa nalibomoa mbele ya wanachama wote.

Basi nikasema nitawaonyesha. Nikaitoa kalamu, nikaomba karatasi, nikaandika mbele yao. Haikutoa hata nukta! Kalamu iliyovuja asubuhi nzima ikakauka kama mfereji wa Januari. Watu wakacheka. Nikaandika tena, wapi. Basi kwa hasira nikaikung'uta kwa nguvu.

Ikatoa. Ikatoa wino wote ambao ilikuwa inanyima, ukaruka kwenye mstari wa kina mama, ukatua kwenye kitambaa cheupe cha kichwani na mgongo wa mkono wa mama mmoja, na huyo mama, kati ya akina mama wote waliokuwa pale, alikuwa mama mkwe wangu.

Lazima mwelewe jambo hili. Kwetu Meru mtu na mama mkwe wake wana heshima ya umbali, hasa akiwa wa kizamani kama wangu. Tangu nimwoe binti yake Kendi sijawahi kula mbele yake, na tukikutana njiani yeye hupinda upande na kunisalimia akitazama majani chai ya watu. Na mimi nimemmwagia wino hadharani. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze na kalamu yangu.

Mama mkwe alikwenda kwenye bomba la kuoshea kahawa, akasugua mkono wake, akautazama. Safi. Kisha akanijia moja kwa moja, akanikamata kile kidole, akanivuta mpaka bombani, akakisugua kwa ncha ya leso yake jinsi mama anavyomsugua mtoto anayepelekwa kanisani, na mimi mtu mzima, mwalimu, baba wa watoto watatu, nimeinama tu nasubiri kumalizwa. Akakiinua juu. Kilikuwa kimebaki na kivuli tu cha rangi.

"Mutwiri," akasema, "kuja uoshe yako, tuone kama itatoka."

Mutwiri alisugua mpaka na sabuni, na kidole chake, alichokichovya asubuhi alipopiga kura, kilibaki vilevile. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na mama mkwe akaniachia mkono ghafla, nadhani ndipo alipokumbuka ni mkono wa nani. Nikachovya kidole kihalali, nikapewa karatasi ya kura.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Karatasi ilikuwa ndogo, kikapu juu, jembe chini, na kikapu ndicho alama ya baba mkwe. Kule ndani ya kibanda biro iliyofungwa kwa kamba ilikuwa imeshachomolewa na mtu, macho yote yako mgongoni mwangu, nataka nitoke upesi (haraka haraka haina baraka, nawafundisha watoto kila wiki), basi nikatoa kalamu yangu ambayo sasa ilikuwa inatiririka vizuri sana, nikaweka alama nzito, nzuri, kwenye kikapu. Nikaikunja karatasi katikati. Nikaitumbukiza.

Jioni wakahesabu. Kikapu na jembe wakatoshana, sawasawa, ikabaki karatasi moja. Msimamizi akaifungua, akaigeuzageuza, akaiinua juu. Alama ya zambarau kwenye kikapu, na kwa kuwa ilikunjwa bado mbichi, alama nyingine ya zambarau kwenye jembe.

"Hii imeharibika," akasema.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Kanuni ya chama chetu inasema wagombea wakitoshana, aliyepo anaendelea. Mutwiri aliangua kicheko mpaka akaketi chini. "Si nilisema? Si nilisema amevote mara mbili?"

Tulitembea kurudi nyumbani, mimi na baba mkwe. Nilitaka kuomba radhi lakini nikabaki kusugua kidole kwenye suruali, kwa kuwa nilijua hakuna ninayemheshimu zaidi yake pale kijijini, na mizani ile ingeendelea kula kilo za watu kwa sababu yangu. Tulipofika kwenye njia panda akasimama, akaniwekea mkono begani.

"Mwalimu, nitasimama tena. Nguvu bado iko."

"Baba, safari ijayo nitakusaidia mpaka..."

"Hapana," akasema upesi. "Safari ijayo wewe usinisaidie."

Na nimeapa. Siku hiyo ikifika nitapiga kura kwa penseli, nitarudi nyumbani, nitajifungia na Kendi akae na ufunguo.