Mkaratusi Uliotikisika Buganguzi

Mimi ni mkata miti wa Muleba, na niliyoyafanya Buganguzi wiki iliyopita bado watu wananichekea sokoni.

Mama Koku, mjane, aliniita nikate tawi nene la mkaratusi lililoegemea paa la jiko lake. Nilipanda na msumeno wa injini na kamba mbili zinazofanana: moja ya kunishikilia kwenye shina, nyingine ya kufunga tawi, ili wanawake wenzake wa kwaya walishushe taratibu.

"Vuteni kwanza, nione kama imekaza!" niliwaamuru kabla ya kuwasha mashine.

Walipovuta, nikabamizwa kwenye shina. Nikalikumbatia.

"Mti huu umeoza, unatikisika! Vuteni kwa nguvu, mbona mmelegea hivyo?"

Wakavuta tena. Kofia ikadondoka, na suruali ikaanza kuifuata. Nikapiga kelele kwamba mti unaanguka, wakimbie wote, kisha nikaanza kusali kwa sauti hadi majirani wakatoka kwenye migomba. Hakuna aliyekimbia.

Mama Koku akainua uso, akijizuia kucheka.

"Fundi, mti umetulia kabisa. Kamba ya tawi umejifunga kiunoni. Tunakuvuta wewe."