Mkondo Tulioufunga Lubunga

Tangu niolewe hapa Lubunga, kazi yangu ilikuwa kukausha kwa moshi samaki wa mume wangu na kuwavusha mto kwa mtumbwi, niwauze mjini. Samaki walipungua tukiona. Watu walivua kwa vyandarua, wakazoa hata vifaranga.

Mdogo wa mume wangu alikuwa amehamia Kanada, akivua fletani, samaki bapa mkubwa wa bahari ya baridi. Siku moja alipiga simu tukiwa mezani.

“Yaya,” alimwita hivyo kaka yake, “huku kila mashua iko na fungu yake. Ikijaa, munarudi. Samaki mutoto munamuachilia.”

“Na jirani akikuja kuvua yenu?” mume wangu akauliza.

“Inchi mbili zinaketi pamoja, zinapatana. Samaki haijuake mupaka.”

Mume wangu hakumaliza sahani yake. Kesho yake alianza kuwazungukia wavuvi wenzake, akawabembeleza mpaka wakakubali: maji yakijaa na samaki wakitaga, mkondo wa nyuma ya kisiwa cha hapo mtoni usiguswe. Wakaufunga kwa kamba yenye makuti ya michikichi. Jiko langu likapoa, tukala sombe, majani ya muhogo, bila kitoweo, lakini nilimwonea fahari.

Kisha wakaja wavuvi wa upande wa juu wa mto. Wakakata kamba mchana kweupe, wakatupa nyavu. Mume wangu aliwafuata kwa mtumbwi, nami nilikuwa nyuma yake.

“Bon, papa,” mmoja akamwuliza, bila hasira, “ni nani alikupatia mto?”

Mume wangu aligeuza mtumbwi. Tulikwenda kwa afisa wa uvuvi; akasema hana hata mafuta ya kufika kisiwani.

Wenzetu walipoona vile, wakarudi mkondoni wote. Mwishowe mume wangu naye akarudi, na chandarua. Aliniletea samaki waliojaa mayai. Niliwapasua na kuwapanga juu ya moto.

Bado najuta. Tulifunga kamba bila kuketi kwanza na wale wa juu. Labda wangekataa. Hatukuwauliza.

Samaki wa mto wameadimika; sasa mume wangu anavusha abiria. Mimi nauza samaki wa baharini wa barafu, wanaokuja katika makartoni kutoka nchi nisizozijua. Kuna mama wa mtaa wa Kabondo, mjini, ambaye bado huniulizia samaki wa mto. Namwambia ajaribu kwa mwingine.