Choo cha Wageni wa Heshima

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipenda mbio za magari kuliko mwanamume yeyote ninayemjua. Mwenyewe hakuwahi kushika usukani. Alizaliwa kwenye mteremko wa Meru, kahawa upande huu na migomba upande ule, akaimba kwaya ya Kilutheri tangu usichana, akaolewa, akafiwa na mume, kisha akanilea mimi mama yangu alipofariki. Sioni kitu katika maisha hayo kinachoeleza kwa nini uso wake ulichangamka kila aliposikia gari likipunguza gia kuingia kwenye kona. Nilipomuuliza, alinijibu, "Na wewe mtori wa ndizi unaupendea nini?"

Uwanja wenyewe uko nje ya mji, ukishaipita Kwa Mrombo, kwenye tambarare kavu ambako vumbi halilali. Ni wa zamani. Jukwaa la saruji limepasuka, nondo zimechomoza kwenye ngazi, na bati lililoezuliwa na upepo halikurudishwa. Tulikaa hapo juani, tumejifunika vichwa kwa khanga, na jioni tulirudi nyumbani Lemara tukiwa rangi moja na barabara.

Jua tulilizoea. Vumbi tulilizoea. Tatizo lilikuwa choo. Kile cha watazamaji kilikuwa cha shimo, kikajaa, halafu masika moja kikatitia, wakakizungushia matawi ya miiba ili mtoto asitumbukie. Wanaume hawakupata shida. Waligeukia ukuta, mambo yakaisha. Sisi wanawake tulikuwa na utaratibu wetu, ambao hakuna aliyetufundisha: siku ya mbio hatukunywa chai asubuhi, wala maji mchana. Tulitambuana kwa midomo iliyokauka. Nilirudi nyumbani kichwa kikinigonga, nikasema ni kelele za magari.

Shangazi alipogundulika ana sukari, utaratibu huo ulimshinda. Daktari alimwambia anywe maji kila wakati, na aliyanywa, na kila baada ya muda mfupi ilibidi anyanyuke. Nilimsindikiza nyuma ya uwanja, kwenye kichaka, nikamkingia kitenge. Nilimwambia basi tupumzike, tuache kwenda.

"Nikae nyumbani nimsubiri nani?" akaniuliza.

Mwaka mmoja waendeshaji wa uwanja waliita mkutano wa wapenzi wa mbio. Walitaka maoni kuhusu ukarabati. Tulikaa chini ya hema, wengi wetu wanaume, na wanaume wakaongea. Mmoja alitaka njia imwagiwe changarawe mpya. Mwingine alitaka skrini kubwa. Mwingine alisema uwanja usiguswe kabisa, uzee wake ndio sifa yake. Shangazi alinyoosha mkono mpaka akaonekana.

"Mimi naomba choo tu," akasema. "Chenye mlango na maji."

Watu wakacheka. Mwenyekiti, mwanamume nadhifu wa makamo, alitabasamu pia. "Shikamoo, mama. Lakini tuseme ukweli, watu hawaji hapa kwa ajili ya choo. Wanakuja kuona magari."

"Marahaba. Ni kweli kabisa," shangazi akajibu. "Na mimi nataka kuyaona yote. Nimechoka kuyasikia yakipita nikiwa nimechuchumaa kichakani."

Safari hii hakuna aliyemcheka. Wanawake wachache tuliokuwepo tulipiga makofi, na wanaume wengine wakafuata. Mwenyekiti akasema, "Limepokelewa, mama." Shangazi aliketi, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa. Nilimwona amefurahi kama aliyepitishwa kuwa mzee wa kanisa.

Na kweli walijenga. Msimu uliofuata tulikuta jukwaa jipya lenye paa, limepangwa viti vyeupe, na nyuma yake vyoo vya vigae. Shangazi alikuwa amekwisha kupata habari. Asubuhi hiyo alivaa viatu vyake vya kanisani, na nilipompitia alisema, "Leo nimekunywa chai kama binadamu."

Tulikaa pale pale petu, kwenye saruji iliyopasuka. Katikati ya mbio aliinuka, nikaenda naye. Kwenye vyoo vipya palikuwa na kamba, na mlinzi kijana amesimama mbele yake.

"Samahani, mama. Utepe wako wa mkononi uko wapi? Hapa ni kwa wageni wa heshima tu."

"Choo hiki nilikiomba mimi," shangazi akasema.

"Sijui hayo, mama yangu. Mimi nimeambiwa utepe."

Hakuwa na kiburi yule kijana. Angekuwa nacho ningejua la kumfanya. Nilimweleza kwamba mama huyu ni mgonjwa, ana sukari, hawezi kusubiri. Akaniangalia kwa huruma, akarudia neno lile lile, utepe. Juu yetu, kwenye kivuli, watu walikuwa wanakunywa vinywaji baridi, na mwenyekiti alikuwa miongoni mwao. Nilimwita. Alinipungia mkono kama mtu anayesalimia, kisha akamgeukia jirani yake wakaendelea na maongezi.

Shangazi alinishika mkono, akaubana. Nilipomtazama, kitenge chake kilikuwa kimebadilika rangi upande wa mbele, na viatu vya kanisani vilikuwa vimelowa. Alisimama wima, macho mbele, kama anayesubiri kwaya ianze. Nilivua khanga yangu nikamfunga kiunoni. Kutoka juu mtu alisema, "Bibi kazidiwa," na wenzake wakacheka.

Mlinzi aliangalia pembeni. Kisha akaishusha kamba. "Basi pita, mama."

"Sasa nipite nikafanye nini?" shangazi akamuuliza.

Tuliondoka. Ndani ya gari, tulipokaribia nyumbani, akaniambia, "Ndugu zako wasijue." Hawakujua. Miaka imepita, na ni yeye mwenyewe aliyenipa ruhusa ya kuandika. Alisema, "Andika, ila jina langu usiliweke."

Wiki ile nilimfuata mwenyekiti ofisini kwake. Alinikaribisha kiti na kunisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikitika sana. Halafu akanieleza kwamba uwanja ni mzee, ukarabati unakwenda kwa hatua, na wameanza na wadhamini kwa sababu bila wadhamini hakuna mbio.

"Na sisi tuliokaa juani miaka yote hii?" nikamuuliza.

"Ninyi mtakuja tu, dada," akasema, kwa upole, wala hakukusudia kunitukana. "Siku zote mmekuwa mkija."

Alikuwa anasema kweli. Mbio zilizofuata uwanja ulijaa. Mimi sikwenda, lakini niliona picha kwenye simu: wanawake wamejipanga kwenye saruji ile, khanga vichwani. Niliwatazama midomo. Juzi juzi redioni nilisikia watu wakijadili iwapo uwanja ule unahitaji huduma bora kwa watazamaji au fedha ziende kwenye njia ya magari. Mtaalamu mmoja alisema suala hilo lichunguzwe kwanza. Nimekuwa mtu wa uchungu, najua. Nilizima redio.

Shangazi alirudi mlimani, kwenye shamba la wazazi wake. Hakwenda tena uwanjani, wala hajawahi kuniuliza nani alishinda siku ile. Mwezi uliopita nilipomtembelea nilianza kumweleza habari za dereva mmoja ambaye shangazi alikuwa akimshangilia zamani. Alinisikiliza kidogo, akanikatisha.

"Nishikie hiyo ndoo," akasema. "Ng'ombe hawajanywa maji."