Chumvi Chini ya Kitanda cha Mzazi

Juzi niliporudi kwetu Kalundu, kando ya ziwa, kwa arusi ya binamu yangu, nilikuta chumvi imemwagwa juu ya maturubai kando ya bandari, mchana kweupe, na mwuzaji anasinzia. Nilisimama pale hata akaamka, akaniuliza kama nimepotea. Ungalikulia mtaa wetu, rafiki, nawe ungalisimama.

Uhuru tuliupokea kwa ngoma. Kisha walikuja waasi, wakafuatwa na askari wa serikali, na nyuma ya askari wakaja watu wa duane, yaani forodha. Amri yao ilikuwa moja: chochote kilichovuka ziwa bila karatasi ni magendo, na mwenye nacho ni wa kasho, jela yao. Jirani yetu, fundi wa mitumbwi, alichukuliwa kwa ajili ya vipande vya sabuni. Msimu mzima wa ndagala, dagaa wetu, ukapita hatujamwona. Mimi nililelewa na nyanya yangu, tuliyemwita Koko. Wazazi wangu walikuwa wamekimbilia milimani, upande wa Bijombo, na hapakuwa na habari zao. Koko ndiye aliyekuwa dunia yangu yote, na Koko aliuza chumvi ya magendo, kikombe kwa kikombe. “Chungu hakijui mpaka,” alizoea kusema, huku akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa pigo zito ambalo hadi leo nalisikia nikifumba macho.

Asubuhi moja tulisikia milango ikigongwa na watu wa duane mwanzo wa mtaa. Koko aliburuta gunia lake la chumvi hadi nyumba ya pili, kwa jirani aliyekuwa na mimba kubwa, akalisukuma chini ya kitanda, akamlaza yule mama juu yake na kushusha pazia. Kisha akatoka uani akapiga vigelegele.

Kwetu, mwanamume haingii chumba cha mzazi, mama aliyejifungua, kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Hilo Koko alilitegemea. Alilolisahau ni mtaa wenyewe. Wanawake waliposikia vigelegele waliacha moto na mabeseni, wakaja mbio na kuni, maji, unga wa muhogo na ndagala wabichi, wakimshangilia mtoto ambaye hakuwepo bado.

Mkubwa wa duane, mtu wa uwanda wa Ruzizi kwa matamshi yake, alisimama mbele ya pazia.

“Mama, iko nini humu ndani?”

“Iko muzazi, baba. Kitovu haiyaanguka. Weye mutoto wa watu, utaingia namna gani?”

“Mbona mutoto halii?”

“Amelala. Weye ulilia tangu kuzaliwa mupaka leo?”

Wanawake wakaangua kicheko. Naye akacheka, akarudi nyuma hatua moja. “Basi nitarudia kitovu ikianguka. Nitamuletea mutoto kitu.”

Alipoondoka, Koko aliketi juu ya kinu. Aliwaambia wenzake ukweli, akataka wachukue vitu vyao. “Kuni za muzazi hazirudi,” mmoja akamjibu. “Sasa tafuta mutoto!”

Kila siku Koko alimtembeza jirani ufukweni, akamnywesha uji wa moto, akamwimbia tumbo kama mtu abembelezaye mbuzi mkaidi. Nami nililala nikiwaza kasho. Mtoto alikuja kwa wakati wake mwenyewe, wa kike, mwenye sauti kali. Na kabla hajazoea mwanga, yule mkubwa akatokea, safari hii bila askari, ameshika kuku kwapani.

Hapakuwa na njia ila kumtoa mtoto nje. Mkubwa alimpokea kwa mikono iliyozoea watoto. Akafunua kitambaa. Kitovu kilikuwa kibichi, uzi bado umefungwa, ilhali kwa hesabu aliyopewa kingekuwa kimeanguka zamani.

Nilishika kanga ya Koko kwa mikono yote miwili.

“Mama,” alisema taratibu, “huyu mutoto hana haraka.”

“Ni siku hizi, baba. Kila kitu inachelewa.”

Alimtazama Koko sana. Kisha akamfunika mtoto vizuri, akamweka kuku chini. “Kwetu kule, mama yangu anakula sombe bila chumvi.”

Mgeni wa mtoto mchanga haondoki mikono mitupu. Koko aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha jani la mgomba, akampa mbele ya watu wote. Mkubwa alikipima mkononi, akakiingiza ndani ya shati, akaondoka akiwa amekunja mkono kifuani, kama mama zetu walivyotembea kila walipopita mbele ya duane na chumvi nguoni.

Wazazi wangu walishuka kutoka milimani mwaka uliofuata, na fundi naye akarudi kwenye mitumbwi yake. Koko na yule jirani hawapo tena, wala kuni zile. Siku hizi watoto huzaliwa hospitalini, maternite, na baba huingia na simu mkononi. Sinung’uniki, maana wengi zaidi wanaishi. Lakini katika vita vyote vilivyopita baadaye, nilipoona mtu mwenye bunduki akiusogelea mlango, sikuacha kumtazama mikono, nikitumaini kwamba labda huyu naye amewahi kushika mtoto.